Mkunga wa Mto Diwale

Wasomaji, pengine mtauliza, Mwalimu ana nini na habari za samaki? Nami nitajibu kwamba samaki mmoja alinifundisha, nikiwa nimekwisha kumwua.

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi hapa Turiani, mjomba wangu alikuwa akivua katika mto Diwale kwa ndoana na mgono. Alikesha usiku kucha, akapata kambale wawili watatu, akaridhika. Sisi watoto tulimwona mvivu. Basi siku moja ya kiangazi, maji yalipopungua, tulichuma majani ya utupa, tukayatwanga, tukayatia katika kidimbwi. Hazikupita dakika nyingi, samaki wakaelea: kambale, perege, na wachanga wasiohesabika, wadogo kama punje za mpunga. Katikati yao alikuwamo mkunga, samaki mrefu kama nyoka, mnene kama mkono wangu.

Nikampelekea mjomba kwa majivuno. Hakunipiga. Alimtazama kitambo, akasema, "Mpwa wangu, huyu alitoka baharini akiwa mwembamba kama uzi. Amesafiri kote huko, akaja kufa mikononi mwetu." Nikacheka moyoni, maana bahari sikupata kuiona.

Miaka ikapita, nikaenda chuo cha ualimu, nikasoma ya kuwa mjomba alisema kweli. Mkunga wa mtoni huzaliwa katika bahari kuu. Akiwa mdogo huingia mitoni. Hutufikia sisi kwa mto Wami, ambao humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi kaskazini ya Bagamoyo. Huweza hata kupanda maporomoko kwa kutambaa juu ya mawe yaliyolowa. Hukaa huku miaka mingi, kisha hurudi baharini kuzaa na kufa. Tena, huko Kanada na Marekani yuko samaki aitwaye koho, ambaye safari yake ni kinyume: huzaliwa mtoni, hushuka baharini kunenepa, na akitimiza miaka kama mitatu huurudia mto aliozaliwa, akazaa, akafa. Safari ni mbili, sharti ni moja: njia iwe salama tangu mlango wa mto hata chimbuko lake.

Mwaka huu niliwakuta wanafunzi wangu wawili ukingoni, wamechukua kapu la utupa. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 yakataza sumu, nami nilitaka kuwakemea. Lakini nilipofungua kinywa, nikaona haya. Basi nikawakalisha, nikawaeleza habari za kidimbwi changu, na jinsi kiangazi kilichofuata mjomba alivyorudi asubuhi nyingi na mgono mtupu, wala asinilaumu hata mara moja. Wakayamwaga majani mbali na maji. Mmoja akauliza, "Mwalimu, na mkunga, je, umemwona tena?"

Nikamjibu kweli, "Bado."

Ninyi mkaao kando ya mito, waonyeni watoto wenu mapema. Ndoana humchukua mmoja. Utupa huchukua na wa kesho.