Mkia wa Neno

Phnom Penh, Jumapili, 3 Septemba 2023

Feni moja, kitanda, dirisha linalotazama mapaa ya mabati. Nimekaa sakafuni napiga hesabu ya milango ya kazi ya kufundisha Kiingereza. Korea Kusini wanataka digrii, tena uwe na pasipoti ya mojawapo ya nchi saba zinazohesabiwa kuwa zenye Kiingereza. Tanzania haimo, Afrika Kusini imo. Vietnam, digrii, kwa amri ya serikali ya mwaka 2020. Thailand vilevile. Ndiyo maana sisi tusio na karatasi tunaishia Kambodia. Viza ya herufi E ni dola 35, unairefusha kwa barua ya mwajiri, unaombewa kibali cha kazi, na shule nyingi za binafsi hazichimbi zaidi. Nina stashahada ya ualimu wa msingi, na cheti cha saa 120 cha kufundisha Kiingereza kwa wageni nilichokisomea kwenye simu. Basi.

Alhamisi, 7 Septemba

Usaili wa tatu, nimepata. Dakika kumi ubaoni, kisha dola 9 kwa saa, naanza Jumatatu. Mkuu kaongeza jambo akiwa ananisindikiza mlangoni: wazazi wakiuliza, niseme natoka Afrika Kusini. Nikacheka kidogo, cheko la mtu anayedaiwa kodi.

Jumatano, 13 Septemba

Kijana Mwingereza ninayekaa naye meza moja hana digrii kama mimi. Analipwa dola 13. Roho iliniuma mpaka mchana, aliponiuliza taratibu namna ya kuwaeleza watoto tofauti ya "nimekula" na "nilikula" kwa Kiingereza. Yeye, alisema, husikia tu lipi limekaa sawa. Mimi sikuwahi kusikia tu. Msingi nilisoma kwa Kiswahili, kidato cha kwanza nikakuta hata biolojia imegeuka Kiingereza. Kila kanuni niliingia nayo mieleka. Nilimchorea mstari wa wakati kwenye karatasi. Akaikunja na kuitia mfukoni.

Ijumaa, 15 Septemba

Darasa la watoto wa miaka minane. Wananiita "kru", yaani mwalimu. Neno la leo *rice*. Wote thelathini: "rai!" Nikaandika *price*: "prai!" Kikhmer hakina hiyo "s" ya mwisho, huishia pumzi tu, na wingi hauhitaji kiambishi. Wao wanakata mkia wa neno. Sisi kwetu tunaubandika. *Desk* kwetu deski, *bus* basi. Nikawaambia hivyo, nikaandika "basi" ubaoni. Wakaangua kicheko, na mmoja akanisahihisha: "Bah, kru!"

Nje tuktuk ilikuwa imepata pancha, dereva amechutama, tairi linatoa upepo. Nikawanyamazisha, nikaelekeza kidole dirishani. *Ssss.* Nikarudi kwenye ubao, nikagusa herufi ya mwisho. Darasa zima likatoa upepo. *Rice.* Dereva akainua kichwa kutazama nani anamcheka.

Jumapili, 24 Septemba

Nimempigia mama Korogwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hao watu wanakulipa kwa Kiingereza kilekile kilichokuangusha kidato cha pili?"

"Kilekile, mama."

"Basi walipe na viboko ulivyokula."

Kabla ya kukata akaniuliza kama bado nawazia Chuo Kikuu Huria. Nikamwambia fomu ninayo. Dola 9 ni leo. Wakikaza sheria hapa kama majirani walivyokaza, mstari wangu wa wakati hautanisaidia kitu kwenye dirisha la uhamiaji.

Ijumaa, 6 Oktoba

Wakati wa kuchukua watoto, mama mmoja alinijia getini, viganja vimekutana kifuani, binti yake mkubwa akitafsiri. Mdogo wa binti huyo, mama alisema, siku hizi anapita nyumbani akitoa sauti ya tairi mezani, kitandani, hata mbele ya bibi. Kisha akauliza: mwalimu anatoka wapi?

Mkuu alikuwa hatua mbili nyuma yangu, anaagana na wazazi wengine. Nilimsikia akinyamaza.

"Tanzania," nikasema. "Tanga."

Binti akatafsiri. Mama akalijaribu neno mara mbili, likamkaa vizuri mdomoni. Linaishia irabu, halina cha kukatwa.

Mkuu hajaniambia kitu. Jumatatu nitajua.