Gisozi: Jukwaa Kando ya Makaburi

Mpenzi wa michezo ya kuigiza anayetaka kutumia siku chache za likizo katika mji wa nchi jirani, aghalabu hufikiria Nairobi au Kampala, ambako majumba ya taifa ya michezo yamekuwapo tangu miaka ya 1950. Kigali haimjii akilini upesi. Hata hivyo, tangu mwaka 2015, mwezi wa Julai umekuwa mwezi wa tamasha la sanaa liitwalo Ubumuntu, katika kilima cha Gisozi. Neno hilo ni la Kinyarwanda, na maana yake ni utu.

Mwanzilishi wa tamasha hilo ni Hope Azeda, mtunzi na mwongozaji wa michezo, aliyezaliwa Uganda katika familia ya wakimbizi wa Rwanda na baadaye akarejea kwao na kikundi chake cha Mashirika. Mahali alipopachagua ndipo panapoufanya mpango wa safari hii kuwa tofauti na nyingine. Uwanja wa maonyesho, usio na paa na wenye ngazi za kukalia watazamaji, umo ndani ya eneo la Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari. Hatua chache kutoka jukwaani yapo makaburi ya pamoja walimozikwa watu zaidi ya 250,000, miongoni mwa Watutsi waliouawa kati ya Aprili na Julai, 1994. Kumbukumbu hiyo ilifunguliwa mwezi wa Aprili, 2004, na mwezi wa Septemba, 2023, iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO pamoja na zile za Nyamata, Murambi na Bisesero.

Mgeni huenda akauliza: Je, ni heshima kucheza ngoma na kuigiza kando ya wafu? Jibu limo katika historia ya mauaji yenyewe. Kabla ya panga kulikuwa na maneno. Redio RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, iliwavuta wasikilizaji kwa muziki, mizaha na lugha ya vijana wa mitaani. Kisha ikawaita Watutsi mende, na mauaji yalipoanza ikataja watu na mahali pa kuwawinda. Sauti, kichekesho na wimbo, ambavyo ni vyombo vya msanii, vilitumiwa kuua. Ndiyo maana wasanii wa Rwanda waliona kwamba vyombo hivyo havina budi kurudishwa katika kazi njema, tena mbele ya wale waliodhulumiwa navyo.

Kwa sababu hiyo, mwenye kupanga safari atangulize kumbukumbu, mchezo ufuate. Anayefika Ijumaa na alale mapema. Jumamosi asubuhi aende Gisozi, azunguke vyumba vya maonyesho bila haraka, kisha asimame kimya makaburini. Kuingia ni bure. Wazazi wafikiri vyema kabla ya kuwaingiza watoto wadogo. Chumba cha mwisho kina picha za watoto waliouawa, pamoja na maelezo ya chakula alichokipenda kila mmoja na jinsi alivyokufa, na watu wazima wengi hutoka humo wakilia. Mchana uwe wa kupumzika. Jioni arudi kilimani kutazama michezo. Wasanii hutoka nchi nyingi, kwa hiyo mara nyingi mwili husema kuliko ulimi, na asiyejua Kinyarwanda wala Kifaransa hataachwa nyuma.

Jumapili, kabla ya kuondoka, askari na jamaa zake watapenda kufika Camp Kigali, katikati ya mji. Hapo zimesimamishwa nguzo kumi za mawe kwa ajili ya wanajeshi kumi wa Ubelgiji waliokuwa katika jeshi la Umoja wa Mataifa. Waliuawa tarehe 7 Aprili, 1994, baada ya kutumwa kumlinda Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, ambaye naye aliuawa siku hiyo hiyo.

Msafiri atokaye Tanzania kwa basi huingia Rwanda kwa daraja la Rusumo, juu ya mto Kagera. Wakazi wa Ngara hawajausahau mwaka ule, mto ulipoteremsha maiti mpaka Ziwa Viktoria, na tarehe 28 na 29 Aprili, wakimbizi zaidi ya 200,000 walipovuka kwa muda wa siku moja tu. Hivyo, safari ya kwenda Gisozi huanzia darajani hapo. Basi huishia kituo cha Nyabugogo, bondeni, si mbali na kilima chenyewe.

Yapo mambo madogo ya kukumbuka. Saa za Kigali ziko nyuma kwa saa moja. Mchezo wa saa kumi na mbili jioni huko ni saa moja usiku Dar es Salaam. Magari hupita upande wa kulia, basi mwenye kuvuka barabara atazame kushoto kwanza. Pikipiki hubeba abiria mmoja tu, naye huvaa kofia ngumu. Wenye watoto wachukue teksi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni ya umuganda, yaani kazi ya pamoja ya jamii, na shughuli nyingi husimama. Mifuko ya plastiki ni marufuku tangu mwaka 2008. Kiswahili ni lugha rasmi tangu 2017, na sokoni husikika sana. Lakini mgeni asithubutu kumwuliza mwenyeji kabila lake.

Tarehe za tamasha hubadilika kila mwaka, kwa hiyo ziulizwe kabla ya kukata tiketi. Koti nalo lisisahauliwe. Julai ni kiangazi, lakini Kigali imo milimani, na ngazi zile za uwanjani huwa baridi kabla mchezo haujafika nusu.