Todd Woodbridge na Mchezo wa Wawili

Mjukuu wangu, nilipofika Sydney nikitokea Mombasa, miaka ile ya tisini, kazi ya kwanza niliyoipata ilikuwa kusuka nyuzi za raketi katika duka dogo la vifaa vya tenisi. Chumba cha nyuma kilinuka mipira mipya, ile harufu kali inayokupanda puani mara kopo linapofunguliwa, ikichanganyika na kahawa ambayo tajiri wetu aliinywa kutwa kucha. Nyuzi za bei kubwa zilikuwa za utumbo wa ng'ombe. Ukiukata uzi mmoja kwa kuuvuta kupita kiasi, umekata posho yako. Ukutani ilibandikwa picha ya vijana wawili wakiinua kikombe: mmoja mwenye nywele nyekundu na uso wa madoadoa ya jua, Mark Woodforde wa Adelaide, apigaye kwa mkono wa kushoto, wa pili Todd Woodbridge, mtoto wa Sydney, mfupi kidogo, macho hayatulii. Waaustralia waliwaita wote wawili kwa jina moja tu, Woodies.

Wateja waliulizia raketi ya Sampras au ya Agassi. Sikumbuki aliyewahi kuulizia ya Todd. Wachezaji wa wawili-wawili walipewa viwanja vya pembeni, na zawadi yao, ambayo tangu hapo ilikuwa ndogo, waligawana. Watu walisema huko ndiko wanakokimbilia walioshindwa kucheza peke yao. Si kweli hata chembe. Todd huyo huyo alifika nusu fainali ya Wimbledon mwaka 1997, akatolewa na Sampras mwenyewe. Lakini kipaji chake hasa kilionekana alipokuwa na mwenzake. Mmoja akisimama karibu na wavu, mkono mgongoni, vidole vikimpa ishara aliye nyuma, mpira ukirushwa wanahama wote kwa pamoja, kama wavuvi wa kwetu wanaovuta juya, kila mmoja anaujua mkono wa mwenziwe bila kugeuka. Kuanzia 1993 hadi 1997 Wimbledon ilikuwa yao kila mwaka. Mwaka 1996 walitwaa dhahabu ya Olimpiki kule Atlanta. Taji la Ufaransa peke yake liliwasumbua, na hilo nalo wakalipata Juni 2000, mwaka ambao Mark alikuwa ameshatangaza kwamba anastaafu.

Basi Septemba hiyo Olimpiki ikaja nyumbani kwao. Ilikuwa wiki ya Cathy Freeman, mkimbiaji wao, mji mzima haulali. Tiketi ya fainali ilinigharimu sawa na pango la chumba changu la wiki, ila mwenye tiketi alipanda treni bure hadi Homebush, kwenye viwanja vya Olimpiki. Nje ya uwanja hewa ilinuka mikaratusi na nyama ya kuchoma. Andazi la nyama liliuzwa kama dola tatu, na kila muuzaji alilalamikia kodi mpya ya asilimia 10 iliyoanza Julai. Pembeni yangu aliketi mzee mmoja, shingo imebabuka kwa jua, bendera magotini. Seti ya kwanza wakaichukua Woodies, 7-5, na yule mzee akanikumbatia kama tuliozaliwa tumbo moja. Kisha Wakanada, Daniel Nestor na Sébastien Lareau, wakatulia. Nestor naye alikuwa wa mkono wa kushoto, na mipira yake ya kuanzisha ilipinda ikawakimbia wenyeji. 6-3, 6-4, halafu seti ya nne ikaamuliwa kwa pointi za ziada. Hiyo ikawa medali ya kwanza ya Kanada katika tenisi ya Olimpiki. Maelfu walisimama na kupiga makofi kwa muda mrefu, si kwa medali ya fedha waliyoipata vijana wao, bali kwa sababu kila mtu alijua hawatawaona tena pamoja. Mataji 61 walikuwa wameyachuma wawili hao, 11 kati yake ya Grand Slam.

Dukani tulidhani na Todd amekwisha. Nakwambia hivi kwa kuwa hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Mtu aliyezoea mwenza mmoja karibu miaka kumi si rahisi aanze na mwingine, ajifunze upya lini asogee na lini abaki. Todd alimchukua Jonas Björkman, Mswidi, tena wa mkono wa kulia, kwa hiyo hata pembe za mashambulizi zilibadilika. Januari 2001 wakashinda mashindano ya Australia. Mwaka 2002, 2003 na 2004 wakashinda Wimbledon, na kwa taji hilo la mwisho Todd, ukijumlisha yote aliyoyapata huko na Mark, akafikisha 9, akiwapita ndugu wawili wa Kiingereza, kina Doherty, waliokuwa na 8 tangu babu yangu hajaoa. Alistaafu mwaka 2005 akiwa na mataji 83 ya wawili-wawili. Tenisi nimeitazama tangu ujana wangu, mjukuu wangu, na mabingwa wakubwa wa kucheza peke yao nimewaona. Aliyejua kumfaa mwenzake kuliko Todd Woodbridge sijamwona.