Matunzo ya mtoto hayasubiri wazazi wapatane

Kila siku kabla ya saa moja asubuhi, mama mmoja wa Buswelu huwa ameshawasha jiko lake kando ya barabara, jirani na ofisi za Manispaa ya Ilemela. Hupika chai na chapati asubuhi, mchana ugali kwa dagaa au maharage. Wateja wake wengi ni watumishi wa ofisi hizo na wananchi waliofuata huduma. Kwa miaka miwili alikuwa akiwapelekea chai hadi mezani na kurudi kukusanya vikombe, bila kujua kwamba mlango mmojawapo aliokuwa akiuingia na birika ndio aliopaswa kuuingia na shida yake.

Shida yenyewe ni ya kawaida. Aliishi na mwanamume kwa miaka minane, wakazaa watoto wawili, binti na mdogo wake wa kiume. Mwanamume ni mvuvi wa dagaa. Walipoachana, yeye alihamia kambi ya wavuvi huko Ukerewe, mama akabaki Buswelu na watoto katika chumba cha kupanga.

Ndugu wa pande zote mbili walikaa kikao. Baba watoto akaahidi mbele ya wajomba na baba wadogo kwamba atatuma fedha kila mwezi. Hakuna aliyeandika chochote. Miezi mitatu ya kwanza alituma, wa nne akatuma nusu, wa tano simu ikawa haipokelewi.

Mama akafanya kile ambacho wengi hufanya. Alimrekodia ujumbe wa sauti wenye maneno makali, akautuma, kisha akatuma mwingine. Mwanamume akafunga namba yake. Naye mama akapiga marufuku watoto kuongea na baba yao. "Asiyetoa hela ya daftari hana haki ya kusikia sauti ya mtoto," alisema. Alipomweleza mama yake mzazi, bibi naye alimkatisha tamaa. "Ng'ombe hawakutoka, kwa hiyo watoto ni wetu. Utamdai nini mtu ambaye hakuoa?"

Basi akanyamaza, akaongeza idadi ya chapati. Ada ya shule ya msingi ya serikali hailipwi, lakini sare zinachanika, madaftari yanajaa, mchango wa chakula cha mchana unatakiwa, na mtoto akiugua usiku hakuna wa kumwambia asubiri mauzo ya kesho.

Kilichomwamsha hakikuwa deni. Jioni moja alikwenda kwa jirani kuomba chumvi, akamkuta binti yake, wakati huo akiwa darasa la sita, amejibanza nyuma ya nyumba na simu ya jirani sikioni. Alikuwa akinong'ona. "Baba, ukipata hela usimtumie mama, mtagombana. Tuma kwa shangazi, mimi nitaenda kuchukua. Ni ya viatu tu."

Mama hakumpiga wala hakumgombeza. Alirudi ndani bila chumvi. Usiku ule alielewa kwamba mtoto wa miaka 12 ameshaanza kufanya kazi ya kusuluhisha watu wazima na kudai matunzo yake mwenyewe kwa kificho, kana kwamba anaiba.

Asubuhi, alipompelekea chai afisa ustawi wa jamii, hakuondoka. "Dada, leo mimi ndiye mteja," alisema, akakaa.

Jambo la kwanza alilojifunza pale ni kwamba matunzo si hisani ya baba kwa mama, wala si fidia ya kuachwa. Ni haki ya mtoto. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaka baba kuwatunza watoto wake, wawe wanaishi naye au wako mikononi mwa mtu mwingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haimbagui mtoto kwa sababu wazazi wake hawakufunga ndoa au mahari haikutolewa. Kabla ya sheria hiyo, baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa angeweza kuamriwa kulipa matunzo yasiyozidi Sh100 kwa mwezi, kiasi ambacho kilishapitwa na wakati miaka mingi kabla ya sheria ile kufutwa. Leo hakuna kiwango kimoja. Mahakama huangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi.

Jambo la pili lilimuuma. Afisa alimwuliza ni lini watoto waliongea na baba yao kwa ruhusa yake. Mama akainama. "Mama, hela ni haki ya mtoto, na kumjua baba yake nako ni haki ya mtoto," afisa alimwambia. "Ukifunga moja ili ulipwe nyingine, unamkata mtoto mara mbili."

Barua ya wito ilipelekwa. Mara ya kwanza mwanamume hakutokea. Mara ya pili alikuja, wakati wa mbalamwezi, siku ambazo taa za wavuvi hazivuti dagaa na mitumbwi mingi hupumzika. Alikaa mbali na mzazi mwenzake, kofia mkononi, akasema neno ambalo hakuna aliyekuwa amempa nafasi ya kulisema.

"Sikatai wanangu. Lakini nyie mnanidai tarehe 30. Mimi mwezi wangu ni giza. Giza likiisha tunagawana, hapo ndipo nina hela. Tarehe 30 inaweza kunikuta sina hata nauli ya meli."

Mama watoto alitaka kumjibu kwa ukali, lakini akajizuia. Aliishi na mvuvi miaka minane, alijua kwamba hapo hakudanganya.

Makubaliano yakaandikwa upya, safari hii kwenye karatasi. Sh60,000 kila giza linapoisha, kwa njia ya simu, moja kwa moja kwa mama na si kupitia kwa shangazi. Sare na viatu vya Januari ni juu ya baba. Jumapili jioni watoto wanampigia, na likizo ya Desemba wanakwenda kumtembelea. Mama akafungua daftari la kuandika kila kinachoingia na kinachotumika, na meseji za malipo hazifutwi.

Ingependeza kusema kwamba mambo yaliisha hapo. Magiza mawili yalilipwa, mawili yaliyofuata hayakulipwa. Lakini sasa mama hakutuma matusi. Alirudi na karatasi na daftari lake, akaelekezwa kufungua maombi Mahakama ya Watoto. Hakuwa na wakili, ila alisaidiwa na mtoa msaada wa kisheria, huduma ambayo kwa wasio na uwezo inasimamiwa na sheria ya mwaka 2017. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vilikuwa na jina la baba, hivyo swali la nani mzazi halikuchukua muda. Afisa ustawi aliandaa taarifa ya hali ya familia, na hakimu akatoa amri ya matunzo. Wakati huu si ahadi mbele ya wajomba. Ni amri ya mahakama, na anayeikaidi anaweza kurudishwa mbele ya mahakama hiyohiyo ili itekelezwe. Hali ikibadilika, mzazi yeyote anaweza kuomba kiwango kipitiwe upya, kipande au kishuke.

Baba watoto mwenyewe ndiye aliyeleta njia ya kutekeleza. Alimwomba tajiri wake, mwenye mtumbwi, atoe hela ya watoto kabla hajamkabidhi mgawo. "Nikishaishika, inaisha kambini," alikiri. Ukweli huo ulimgharimu aibu, lakini umewafaa watoto kuliko ahadi zote za nyuma.

Giza likiwa baya, kinachokuja ni kidogo, na deni linaandikwa kwenye daftari. Wazazi hawajarudiana na hawana mpango huo. Wakikutana, wanasalimiana na kuzungumzia watoto, basi.

Wako wazazi wengi wa namna hii, Buswelu na kwingineko. Yuko mama anayeona aibu kudai, na yuko baba anayekimbia kwa sababu anachodaiwa hakilingani na namna anavyopata. Kwa wote, ni vyema kuanza mapema. Cheti cha kuzaliwa kitafutwe mtoto akiwa mdogo, makubaliano yaandikwe, malipo yaache alama, na likishindikana ofisi ya ustawi wa jamii ipo kabla ugomvi haujakua. Baba asiye na mshahara aseme wazi anapata lini na kiasi gani, maana kimya chake mtoto hukitafsiri kuwa hatakiwi.

Binti sasa yuko sekondari. Jumapili jioni hupiga simu akiwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango, kwa sauti ya kawaida, mama yake akikanda unga wa kesho pembeni. Wiki iliyopita alimweleza baba yake kuhusu mtihani wa hisabati. Viatu hakuvitaja.