Jangwa na Kiasi

Watu husema kuwa jangwa ni mahali pasipo na kitu. Kauli hii huaminiwa zaidi na wale ambao hawajalala jangwani. Mwanafunzi mmoja aliiamini vivyo hivyo alipofika katika Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi, kaskazini mwa Kenya, na hema lake, viatu vipya, na shauku ya kupanda mlima. Kiongozi wake alikuwa mzee mwenyeji wa maneno machache, ambaye sehemu kubwa ya mzigo wake ilikuwa maji.

Sibiloi ilifanywa hifadhi mwaka 1973. Ni kilomita za mraba 1,570 za mawe, mchanga na upepo, kando ya ufuko wa mashariki wa Ziwa Turkana. Ziwa hilo hulishwa hasa na mto Omo utokao Ethiopia, wala halina mto wa kulitoa maji; jua ndilo liyapunguzalo. Kwa hiyo maji yake yana magadi, na msafiri huweza kuliona ziwa mbele ya macho huku koo lake limekauka.

Asubuhi ya kwanza kijana alinawa uso na miguu kwa maji ya kunywa. Mzee alimtazama, asimkemee. Walipotembea, upepo ulilikausha jasho la kijana kabla hajaliona, akadhani mwili wake haupotezi kitu. Jua lilipokuwa kali, mzee aliketi chini ya mgunga akakataa kuendelea. Kijana akanung'unika, kwani kilele kilionekana karibu. Hakujua kwamba hewa safi ya jangwa huusogeza mlima karibu na jicho bila ya kuusogeza karibu na mguu.

Alasiri walifika penye magogo yaliyolala. Kijana aliinama kuokota kuni, akaokota jiwe. Ilikuwa miti iliyogeuka mawe, mabaki ya msitu uliostawi mamilioni ya miaka iliyopita, nchi hiyo ilipokuwa na maji tele.

"Mwanangu," mzee akasema, "hata mti huu ulidhani maji hayaishi."

Jioni walipima maji yao. Yalitosha kurudi, hayakutosha kupanda. Upungufu ulikuwa karibu sawa na kiasi kilichomwagwa asubuhi. Kijana aliona haya, akanyamaza.

Kisha akataka kusimamisha hema katika korongo kavu, ambalo huko huitwa laga, kwa kuwa mchanga wake ulikuwa laini. Mzee akapanda ukingoni penye mawe makali.

"Mzee, tumeshinda na kiu, nasi tuogope mafuriko?" kijana akauliza.

Mzee akaonyesha upeo wa macho, ambako umeme ulimulika mbali mno hata ngurumo isisikike. Usiku wa manane vumo likasikika. Halikuanguka tone moja juu ya hema, lakini maji mekundu yalijaa katika laga, yakabeba mawe, yakapita pale pale kijana alipotaka kuweka kichwa chake.

Kulipopambazuka maji yalikuwa yamekwisha pita. Mzee alifukua mchanga kwa mikono, akachota maji kidogo, akayachuja kwa kitambaa. Kijana akautazama mlima, kisha akamtazama mzee.

"Maji ya kukuta si maji ya kutegemea," mzee akasema.

"Basi turudi," kijana akajibu, na neno hilo lilimgharimu zaidi kuliko mwendo wote wa jana.

Jangwa huua kwa uchache, na huua kwa wingi. Mahali pengine mtu aweza kuishi miaka mingi asijue kipimo cha haja zake, kwa sababu kosa lake hulipwa na wengine au hulipwa baadaye. Jangwani kosa la asubuhi hudaiwa jioni. Kijana yule hakufika kileleni, lakini alirudi akijua uzito wa kikombe kimoja cha maji.