Jiko la Mkaa Chumbani

Huku kwetu Kitahana, mwezi wa Novemba mvua huwa zimeshika kasi. Huja na upepo na radi. Usiku baridi ya milimani huingia hadi ndani ya nyumba.

Usiku mmoja wa mvua upepo uliangusha mti juu ya waya wa umeme. Taa zikazimika. Mke wangu alipapasa gizani akitafuta kibatari. Alipokipata, hakikuwa na mafuta. Mtoto wetu alikuwa na mafua na alitetemeka kwa baridi. Nikaenda jikoni, nikaleta jiko la mkaa chumbani. Mkaa ulikuwa umeshika vizuri, mwekundu, hauna moshi hata kidogo. Nikafunga dirisha. Chini ya mlango nikaziba kwa gunia. Tukalala katika joto zuri.

Mimi ni mwalimu wa watu wazima na nina cheti. Lakini jambo hili nilikuwa silijui. Nilidhani moshi ukiisha, hatari imekwisha.

Usiku wa manane mama yangu, aliyelala chumba cha pili, alisikia mtoto akitapika. Akagonga.

"Baba, mbona hamwitiki?"

Nilimsikia. Nilitaka kuinuka, miguu ikakataa. Kichwa kiliniuma kama kinapasuliwa. Mama akasukuma mlango, akambeba mtoto hadi barazani. Kisha akarudi kutuvuta sisi. Mtoto alikuwa amelegea kama kitambaa. Alipopata hewa ya nje, akaanza kulia. Sijapata kufurahia kilio kama kile.

Kulipokucha tulikwenda zahanati. Tabibu alitukaripia kwa kungoja asubuhi. Kisha akatueleza. Mkaa unapoungua hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Mtu akiivuta, huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, hulegea. Aliyelala huweza kufa bila kuamka. Jenereta nayo hutoa sumu hiyo hiyo, kwa hiyo isiwashwe ndani ya nyumba wala dukani.

Siku hizi hatungoji mvua. Mwezi wa Septemba naangalia paa na kupigilia misumari iliyolegea. Kuni kavu tunazipanga jikoni. Tulipouza maharage nilinunua blanketi la pili na taa ndogo ya sola. Taa hiyo inaanikwa juani kila siku na jioni hutundikwa mahali pamoja, hata mtoto anapajua. Kibatari bado tunacho, lakini hatukijazi mafuta kikiwa kinawaka. Waya wa umeme ukianguka, hakuna anayeusogelea, hata kama unaonekana umekufa. Tunawazuia watoto na kumwambia mwenyekiti wa kitongoji, naye huwapigia simu TANESCO.

Jiko la mkaa halivuki tena mlango wa nyumba kubwa. Mama haniamini sana. Kila usiku wa mvua, kabla ya kulala, huchukua tochi akaenda jikoni kulitazama kama lipo.