Meza Yenye Nafasi ya Mama



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetuumba akaturuzuku vilivyo halali na vizuri. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Kila likizo ya shule inapokaribia, jamaa zetu wa huku Nairobi hutuuliza ni wapi pa kula watakaposhuka Pwani na watu wao wa nyumbani. Wasomaji wetu wa Mwambao huenda wakaona ajabu kwamba swali hilo huletewa mkaazi wa Kiamaiko. Lakini tumeshuka huko miaka mingi, mara kwa harusi, mara kwa maulidi, mara kwa tanzia, na kila safari tumekula. Leo tutazitaja sehemu tunazozipenda, pamoja na kipimo tunachozipimia.

Kiamaiko yetu ni mji wa mbuzi. Huletwa kwa malori kutoka Moyale, Marsabit na Isiolo, huchinjwa kungali giza kwa mujibu wa sheria yetu, na kutoka hapa nyama husambaa Nairobi. Baada ya swala ya alfajiri hoteli zetu huwa zimejaa: supu ya moto, chapati, chai ya maziwa. Chakula ni kizuri na ni halali bila shaka yoyote. Lakini zitazame meza hizo, utaona kofia na vilemba pekee.

Mama mmoja anayehudhuria darsa zetu za alasiri ni mke wa mfanyabiashara wa mbuzi. Alituambia, bila ya kulaumu, kwamba katika miaka 19 ya ndoa yake hajala sahani ambayo hakuipika yeye au kuipakua yeye, isipokuwa harusini. Kisha akauliza: "Sheikh, kwani dini inamkataza mwanamke kula nje na mumewe?"

Tulimjibu kwa kisa kilichopokewa na Imam Muslim kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.). Mtume (S.A.W.) alikuwa na jirani Mfursi aliyekuwa hodari wa kupika mchuzi. Siku moja jirani huyo alipika, akaja kumwalika. Mtume akauliza kama Bi Aisha (R.A.) naye amealikwa. Jirani akasema hapana, na Mtume akaukataa mwaliko. Akarudi mara ya pili, jibu likawa lile lile. Mara ya tatu jirani akakubali, na hapo wakaondoka wote wawili, wakifuatana hadi nyumbani kwa mwenyeji. Basi asiyefungua mdomo wake bila mkewe kualikwa ni mbora wa viumbe.

Hiki ndicho kipimo chetu. Utamu wa chakula tunauangalia, na uhalali wake hauna mjadala. Lakini kabla ya hayo tunauliza: je, mama ataketi hapa kwa staha, atulie, aletewe?

Tuanze na Mombasa, kwenye ufuo wa Mama Ngina, ambao wenyeji wanauita Lighthouse. Serikali iliutengeneza upya mwaka 2019, lakini uzuri wake ni wa kale: mibuyu mikubwa, upepo wa kusi, na meli zinazoingia Kilindini zikipita karibu mtoto akazihesabu. Jua likielekea kutua, familia hutandika mikeka. Huuzwa mihogo ya kuchoma iliyopasuliwa na kutiwa pilipili na ndimu, kachri za muhogo zinazotoka kwenye karai zikiwa moto, viazi karai, mabuyu na madafu. Hapahitaji fedha nyingi wala mavazi ya fahari. Mabuibui ni mengi kuliko makoti, na hakuna mwanamke anayejihisi mgeni.

Tukiingia Mji wa Kale, nyuma ya Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, chakula chetu ni cha asubuhi: mahamri kwa mbaazi za nazi. Ziko hoteli ndogo za Kiswahili katika vichochoro vya Kibokoni ambako biriani ya Ijumaa huisha mapema, basi usichelewe baada ya swala. Usiku, jamaa wengi huenda barabara ya Makadara kula mishkaki na mikate ya moto katika hoteli ya Tarboush. Baraza za kahawa tunazipenda pia, lakini tuseme kweli: hizo ni za wanaume. Mzee akitaka kahawa yake chungu, na amfikishe kwanza mama wa watoto mahali pake.

Anayeweza kwenda mbali zaidi na apande basi hadi Mokowe, kisha avuke kwa mashua hadi Lamu. Mji huo uliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, na mitaa yake ya kale haina magari, ni punda na watu tu. Hapo mama anaweza kula bila ya kumshika mtoto mkono kila dakika. Tafuta samaki wa kupaka kwa wali wa nazi, ukae ukitazama majahazi.

Na mwenye uwezo wa kufika Unguja asikose bustani ya Forodhani baada ya magharibi. Urojo wake wenye ukali wa ndimu na embe bichi, ndani yake bajia, kachori na viazi, hushibisha kwa bakuli moja. Usisahau maji ya miwa. Nasaha yetu ni moja: uliza bei kabla ya sahani kujazwa, ili starehe isigeuke ugomvi mbele ya watoto.

Yule mfanyabiashara wa mbuzi aliposikia jibu tulilompa mkewe alinyamaza. Disemba iliyofuata alikata tiketi za treni, akashuka Mombasa na watu wake wote. Waliporudi tulimuuliza mama ni kipi alichokipenda zaidi. Alisema ni muhogo wa Lighthouse, kwa sababu aliula ungali moto, na hapakuwa na mtu wa kumwambia ainuke alete chumvi.

Ndugu zetu, safari ya Pwani si faradhi, na si kila mfuko unaiweza. Basi maneno ya mwisho ni kwa wenye hoteli, wa Kiamaiko na kwingineko. Tengeni meza mbili tatu nyuma ya pazia safi, na ndoo ya maji ya kunawia karibu. Gharama yake ni ndogo. Na wewe baba, Jumamosi moja ya mwezi, ukitoka kwenda kwenye supu, usitoke peke yako.

Wabillahi tawfiq.